Shokapu za nyuma za pikipiki nzito: kuchagua na kurekebisha

Shokapu za nyuma huunganisha fremu ya pikipiki na mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kila shokapu ina springi inayobeba uzito, na silinda ya oili yenye pistoni inayoituliza springi isiendelee kuruka baada ya gurudumu kupita kwenye shimo au tuta. Wanunuzi wengi huvutiwa na silinda na jina la kampuni. Springi ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Mfano mzuri ni pikipiki za safari ndefu za Harley-Davidson, ambazo baadhi yake hukaribia kilo 400 kabla hajapanda mtu. Kampuni hiyo ya Marekani iliweka shokapu za nyuma kwenye pikipiki zake kubwa mwaka 1958, kwa toleo la Duo-Glide. Kabla ya hapo fremu ya nyuma haikunesa na dereva alitegemea springi za kiti. Baadaye, kwa miaka mingi, matoleo ya safari yalitumia shokapu za hewa zilizojazwa kwa pampu ya mkono kulingana na mzigo. Sili zake zikichakaa, hewa huvuja na pikipiki hukaa chini. Matoleo ya mwaka 2017 yalikuja na shokapu za springi zenye kitasa cha kukazia.

Shokapu iliyochoka hujulikana. Oili hulowesha fimbo yake, pikipiki huyumba kwenye kona za mwendo kasi, na ukiikandamiza nyuma kisha ukaiachia, hupanda na kushuka mara kadhaa badala ya kutulia mara moja.

Ugumu wa springi huchaguliwa kwa uzito: dereva akiwa na kofia na buti zake, abiria, na mizigo. Utajwe uzito wa kweli. Watengenezaji kama Öhlins wa Uswidi, Hagon wa Uingereza na Progressive Suspension wa Marekani huuza springi za ugumu tofauti kwa pikipiki ileile, na muuzaji asiyeuliza uzito wa mteja hastahili kuaminiwa. Urefu nao una uzito wake. Shokapu za inchi 12 humsaidia mtu mfupi kufikisha miguu chini, lakini zikiwekwa mahali pa zile za inchi 13, pikipiki huwahi kukwaruza barabara kwenye kona, na mara nyingi gurudumu hupungukiwa na nafasi ya kupanda na kushuka.

Kurekebisha huanza kwa futi kamba. Pikipiki huinuliwa hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha hupimwa kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima hadi alama iliyowekwa kwenye fremu. Hushushwa, dereva akakaa na vifaa vyake vyote, na kipimo hurudiwa. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi cha kubonyea, na kwa barabara za kawaida hutakiwa kiwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Gurudumu lenye mwendo wa milimita 76 libonyee milimita 19 hadi 25. Likizidi, springi hukazwa, likipungua, hulegezwa.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani kwamba kukaza springi huifanya iwe ngumu zaidi. Springi ya kilo 3 kwa milimita hudai kilo 3 kwa kila milimita inayobonyea, iwe imekazwa au imelegezwa. Kukaza huinua pikipiki tu. Basi pikipiki ipimwe pia ikiwa peke yake, bila mtu. Ikiwa kipimo cha dereva ni sahihi lakini bila yeye pikipiki haibonyei hata kidogo, springi ni laini mno na imekazwa kupita kiasi. Dawa yake ni springi nyingine.

Uzito ukishakaa sawa, ndipo hurekebishwa kasi ya springi kurudi baada ya kubonyea, kwa shokapu zenye kitasa cha kazi hiyo. Kikilegezwa mno, pikipiki huruka ruka; kikikazwa mno, springi haipati muda wa kutanuka kati ya tuta na tuta, na nyuma huzidi kuzama. Kitasa hugeuzwa kwa hatua moja au mbili, pande zote mbili sawa, kisha barabara ileile hujaribiwa tena. Kwenye barabara ndefu ya vumbi yenye makunyanzi, oili hupata joto, huwa nyepesi na hutoa povu ikichanganyika na gesi, hivyo shokapu yenye chupa ya pembeni inayotenganisha gesi na oili hustahimili zaidi. Shokapu zenye gesi ya naitrojeni hazifunguliwi bila vifaa maalumu, kwani gesi hiyo imo kwa shinikizo kubwa.

Shokapu mpya haziongezi uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda. Fremu, breki na matairi hubaki vilevile.