Gome Chungu la Amani

Uchungu wa gome la msinkona hukaa ulimini hata baada ya maji kadhaa. Uchungu huo ni kwinini, dawa ambayo Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenganisha mwaka 1820. Kabla yao, gome kavu lilisagwa na kunywewa kwa divai ili kutuliza homa ya vipindi na baridi yake ya kutetemesha meno.

Asili ya mti huu ni milima ya Andes. Wajerumani waliupanda hapa Usambara Mashariki, katika kituo cha utafiti walichokianzisha Amani mwaka 1902.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia ya meli zilizoleta dawa, gome la Usambara ndilo lililookoa jahazi. Vikosi vya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, vikirudi nyuma kuelekea kusini, vilichemsha magome porini na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi, yaliyobatizwa “schnapps ya Lettow”.