Sindano ya Kuzuia Damu Isigande: Hukumu Yake na Namna ya Kuitumia kwa Usalama

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alitufuata baada ya sala ya Isha, akatuuliza tukiwa mlangoni mwa msikiti. Mkewe alikuwa amejifungua kwa operesheni na amepewa sindano za kujidunga tumboni nyumbani. Jirani amewaambia kuwa zimetokana na nguruwe. Tukamjibu papo hapo: kama ni nguruwe, aziache. Hatukuuliza sindano ni za nini, wala hatukumwambia arudi kwa daktari. Siku ya sita mguu wa yule dada ukavimba, na usiku wake akaanza kutweta, akarudishwa hospitali. Alhamdulillah alipona. Lakini jibu lile lilikuwa letu, na mbele ya Allah tutaulizwa sisi.

Kwa hiyo tumeona tuliandike suala hili kwa utulivu, baada ya kurejea vitabu na kukaa na madaktari na wafamasia, ili familia zetu zisitegemee tena jibu la mlangoni.

Sindano hii ni nini?

Watu huiita sindano ya kuyeyusha damu. Kwa hakika haiyeyushi kitu. Kazi yake ni kuzuia damu isigande ndani ya mishipa, na kama bonge limeshaganda, isiliache likue, mpaka mwili wenyewe uliondoe. Inayotumika sana ni enoksaparini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Clexane. Ni katika jamii ya dawa ziitwazo heparini.

Hupewa mgonjwa aliyefanyiwa operesheni kubwa, aliyelala kitandani muda mrefu, mwenye bonge la damu mguuni au mapafuni, baadhi ya wagonjwa wa moyo, na baadhi ya wajawazito na wazazi. Ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua ni kipindi ambacho damu ya mwanamke huganda kwa wepesi zaidi. Bonge likitoka mguuni na kufika mapafuni laweza kuua kwa muda mfupi. Wajawazito hupewa sindano hii kwa sababu haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto, tofauti na vidonge vya warfarini ambavyo vyaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama anayenyonyesha pia anaweza kuitumia.

Asili yake na hukumu yake

Yule jirani hakusema uongo. Heparini nyingi duniani hutengenezwa kutokana na utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe, na enoksaparini hutokana na heparini hiyo baada ya kukatwakatwa kikemikali. Ilikuwepo pia heparini ya ng'ombe, lakini nchi nyingi ziliiacha katika miaka ya 1990 kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Je, mabadiliko hayo ya kikemikali yanaitoharisha? Hili ni suala la istihala, yaani najisi kugeuka kuwa kitu kingine. Wanazuoni wa Kihanafi wamelipanua. Katika madhhabu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa visiwani tunayafuata, mlango huu ni mwembamba: pombe inayogeuka siki yenyewe hutoharika, na ngozi ya mnyama ikitiwa dibaghi hutoharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Kwa hiyo hatujengi jibu letu juu ya istihala.

Tunalijenga juu ya mlango wa tiba. Imam Nawawi katika al-Majmu' ameeleza kuwa kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe kunajuzu pale isipopatikana dawa tohara ya kushika nafasi yake, kwa masharti kuwa mgonjwa mwenyewe ni mjuzi wa tiba au ameambiwa na tabibu Muislamu mwadilifu. Asili ya jambo imo katika aya ya 173 ya Suratul-Baqara, ambayo baada ya kutaja vilivyoharamishwa imemuondolea dhambi aliyefikwa na dharura.

Suala hili hasa limeshajadiliwa. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha 17 kilichofanyika Makka mwezi wa Shawwal 1424 (Desemba 2003), liliruhusu kujitibu kwa heparini hii mpya pale isipopatikana dawa halali ya kutosheleza badala yake, au ikiwa dawa hiyo mbadala itarefusha muda wa matibabu. Likasisitiza isitumike zaidi ya kiasi kinachohitajika, na kwamba ikipatikana dawa iliyo tohara kwa yakini, ndiyo iendewe. Likawausia pia mawaziri wa afya wa nchi za Kiislamu wahimize viwanda vitengeneze heparini kutokana na ng'ombe wazima.

Hivyo basi, wajibu wa familia ni kuuliza, si kuacha. Muulizeni daktari: je, ipo dawa nyingine itakayomfaa mgonjwa wetu? Ipo sindano ya fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa kikemikali bila mnyama yeyote, lakini haimfai mwenye figo zilizodhoofika sana, na si kila duka la dawa linayo. Vipo vidonge pia, lakini baadhi yake havimfai mjamzito wala anayenyonyesha. Daktari akisema mbadala upo na unafaa, uchukueni. Akisema haupo, au haufai, basi mgonjwa adunge sindano yake na moyo wake utulie. Hana dhambi. Kuiacha bila ya ushauri na kujitia katika hatari ndiko kunakokatazwa.

Namna ya kudunga

Kiasi cha dawa hupangwa na daktari kwa kuangalia uzito wa mgonjwa, figo zake na sababu ya tiba. Bomba la jirani si dawa yako, hata kama jina ni moja. Muuguzi akuoneshe mara ya kwanza, kisha mara ya pili udunge wewe naye akitazama. Mpangilio ni huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa ukiegemea au lala chali, uone tumbo lako vizuri.

2. Chagua sehemu ya tumbo upande wa kulia au kushoto, umbali wa sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni. Usidunge penye kovu au penye alama ya damu. Leo kulia, kesho kushoto.

3. Safisha ngozi, iache ikauke. Vua kifuniko cha sindano moja kwa moja bila ya kukizungusha.

4. Katika mabomba yaliyojazwa kiwandani kuna kipovu cha hewa. Kama unatumia dawa yote ya bomba, usikitoe, kwani ukikitoa utapoteza dawa. Kama umeambiwa utumie sehemu tu, fuata alivyokuonesha muuguzi.

5. Finya ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano yote ikiwa wima, sukuma dawa polepole mpaka mwisho. Usiiachie ngozi mpaka umeichomoa sindano.

6. Usisugue wala usikande ulipodunga. Alama ndogo ya wekundu au ubuluu ni jambo la kawaida.

Bomba lililotumika litiwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na chupa ikijaa irejeshwe hospitali. Kulitupa jaani au ufukweni ni kuwadhuru watoto na waokota taka, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru.

Dawa iwekwe pahala pa baridi pasipo jua, na isigandishwe kwenye friza. Maboksi mengi yameandikwa isizidi nyuzi 25 za joto, na nyumba zetu wakati wa kaskazi hupita hapo. Muulizeni mfamasia muiweke wapi. Ukisahau dozi, dunga unapokumbuka. Ikiwa wakati wa dozi inayofuata umekaribia, iache iliyopita. Usidunge mbili kwa pamoja.

Saumu, udhu na sala

Sindano ya chini ya ngozi haifunguzi. Hilo limo katika azimio namba 93 la Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililopitishwa Jidda mwaka 1997: sindano za ngozi, misuli na mishipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Anayedunga mara mbili kwa siku abakie na masaa yake 12, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Asisogeze dozi kwa ajili ya futari au daku. Lakini aulize kwanza kama saumu yenyewe inamfaa, kwani upungufu wa maji mwilini huongeza kuganda kwa damu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Damu inayotoka ulipodunga, au ya puani, haitengui udhu katika madhhabu ya Imam Shafi. Damu chache ya mwilini mwako husamehewa. Tone la dawa likiangukia nguo au mwili, lioshwe.

Mama aliyejifungua

Hapa tunawasemesha zaidi mama, mashangazi na masomo wanaomhudumia mzazi. Kukandwa kwa maji ya moto ni ada yetu ya arubaini, lakini mzazi anayedunga sindano hizi asikandwe tumbo, na mguu uliovimba au unaouma usikandwe kabisa wala kusuguliwa kwa mafuta. Kama mna bonge la damu, linaweza kung'oka na kupanda mapafuni. Mguu huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Damu ya nifasi yaweza kuwa nyingi zaidi kwa sababu ya dawa. Katika madhhabu yetu, ghalibu ya nifasi ni siku 40 na mwisho wake ni 60. Inayozidi hapo ni istihadha, na hukumu zake ziulizwe. Lakini mwanamke anayelowesha pedi nzima kwa saa moja asihesabu siku, akimbizwe hospitali.

Mjamzito akianza uchungu, asidunge sindano inayofuata. Aende akajifungue, na amwambie mkunga na daktari lini alidunga mara ya mwisho, kwani ganzi ya uti wa mgongo ina masaa yake ya kusubiri.

Mambo ya kujiepusha nayo

Usipige hijama wala usichanjwe chale ukiwa katika dawa hii. Hijama ina wakati wake, na huu sio. Usinywe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila ya ruhusa ya daktari. Habasoda, tangawizi na kitunguu thomu katika chakula havina neno, lakini ukivitumia kwa wingi kama dawa, mwambie daktari. Kabla ya kung'olewa jino, au kijana kutahiriwa, sema kwanza kuwa unadunga sindano hizi. Msafiri wa boti au wa Hija abebe dawa zake mkononi pamoja na karatasi ya daktari.

Dalili za kukimbilia hospitali

Damu isiyosita baada ya kubanwa dakika kumi, kutapika damu, choo cheusi kama lami au chenye damu, mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au kuanguka na kugonga kichwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kubana au kifua kuchoma, na alama nyingi za damu zinazojitokeza zenyewe. Msingoje asubuhi, na msitupigie simu sisi kwanza.

Ndugu zetu, anayeuliza hukumu ana haki ya kupewa jibu lililokamilika, na anayejibu ana wajibu wa kuuliza kabla ya kusema. Yule kijana bado tunasali naye safu moja, na mtoto wao sasa anasoma chuoni kwetu. Kila tukimuona tunakumbuka.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, atusamehe tulipokosea, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.