Tungule Eldoret: usipande kama uko Mombasa

Mimi ni mtu wa Mombasa, niliyezoea kuona tungule zikiota zenyewe nyuma ya jiko palipomwagwa maji ya vyombo. Nilipohamia Eldoret nikadhani mambo ni yale yale. Huku wanaziita nyanya, na si jina tu lililobadilika.

Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku ni baridi, na mvua hunyesha sana kuanzia Aprili hadi Agosti. Mwaka wa kwanza nilipanda miche 40 mwezi wa Aprili. Ilipoanza kuzaa, majani yakaingia mabaka ya kahawia yenye ukungu mweupe chini yake, na matunda yakageuka meusi. Wiki haikwisha, shamba lote likawa kama limemwagiwa maji ya moto. Ni blaiti, ugonjwa ule ule unaoua viazi. Kwa hivyo viazi vya jirani vikiugua, jua zamu yako imefika. Wala usipande tungule palipotoka viazi, biringani au pilipili.

Siku hizi nasia mbegu Septemba, nahamisha miche baada ya mwezi, nikavuna wakati wa kiangazi cha Januari. Anayetaka kupanda masika na aweke paa la plastiki, pande ziachwe wazi hewa ipite. Maji hutiwa shinani asubuhi, si juu ya majani. Majani ya chini yanayogusa udongo yakate. Dawa ya shaba hupigwa kabla ya ugonjwa kuingia, na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti usizivunje, maana kachumbari ni yako na wanao.

Udongo wa huku, kwa miaka ya mahindi na mbolea za dukani, mara nyingi una asidi. Upime, kisha utie chokaa ya shamba mapema pamoja na samadi iliyooza. Miche ipishane futi mbili. Cal-J ni fupi. Money Maker hurefuka, yataka mti wa kuegemea na kung'olewa vichipukizi vya makwapani.

Tungule ikioza kitako, usikimbilie dawa: aghalabu ni kumwagilia leo ukasahau siku nne. Majani yakiingia mabaka meupe, huyo ni kiwavi wa Tuta absoluta, aliyeingia Kenya 2014. Yachume uyachome.

Zinazokataa kuiva kwa baridi, sisi huzitia achari.