Makazi ya kijana atokaye makaoni: Msingi wa kujitegemea

KWA vijana wengi nchini Kenya, siku ya kutimiza umri wa miaka 18 hupita bila kubadilisha mahali wanapolala. Wengine huwa bado wako shuleni, na wengine wamemaliza masomo ya sekondari na wanasubiri matokeo ya mtihani huku wakila chungu kimoja na wazazi wao. Hata wanapofunga safari ya mjini kutafuta kazi, mlango wa nyumbani hubaki wazi. Kibarua kikiota nyasi, hurejea. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Lakini kuna kundi la vijana ambao hawana ngama ya kurejea. Hawa ni wale waliolelewa katika makao ya watoto au na familia zisizo zao, na ambao sheria huanza kuwahesabu kuwa watu wazima pindi wanapofikisha miaka 18. Kitanda alichokilalia kijana huyo kwa miaka kumi hupewa mtoto mwingine, naye hutarajiwa kupata chumba, chakula na kazi kwa wakati mmoja.

Msaada unaotolewa kwa vijana hawa katika kipindi hicho una sehemu mbili: makazi, na maandalizi ya kujitegemea. Sehemu hizi hutegemeana, lakini uzoefu wa nchi mbalimbali unaonyesha kuwa ya kwanza ikikosekana, ya pili huporomoka.

NI AKINA NANI?

Watoto hufika mikononi mwa walezi wasio wazazi wao kwa sababu nyingi: kufiwa, kutupwa wakiwa wachanga, dhuluma za nyumbani, maradhi ya wazazi, na zaidi ya yote, umaskini. Wengi wa watoto wanaoitwa mayatima wana mzazi mmoja aliye hai, au jamaa wanaojulikana.

Nchini Kenya, sehemu kubwa ya malezi haya imekuwa ikifanywa na makao ya watoto yanayoendeshwa na makanisa, mashirika na watu binafsi. Makadirio yaliyokuwa yakitumiwa na serikali na mashirika ya watoto kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 yalikuwa ya zaidi ya watoto 40,000 katika zaidi ya makao 800.

Njia ya pili ni ya familia walezi, ambapo mtoto hukabidhiwa kwa mtu asiye mzazi wala jamaa yake aliye tayari kumtunza kwa muda. Njia hii imo katika sheria za Kenya tangu Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001, ila haijaenea sana. Ya tatu, na iliyo kongwe kuliko zote, ni kulelewa na nyanya, shangazi, mjomba au jamaa mwingine. Miongoni mwa Waislamu kuna pia kafala, ambapo familia humlea mtoto bila kumbadilishia nasaba.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya mwaka wa 2010 inamlinda mtoto kupitia kifungu cha 53. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa, nacho kifungu cha 55 kinaitaka serikali kuchukua hatua za kuwawezesha vijana kupata elimu, mafunzo na kazi. Kwa mujibu wa Katiba hiyo, kijana ni mtu wa kati ya miaka 18 na 35. Kwa maneno mengine, anayetoka makaoni haachi kuwa na haki. Anatoka katika kundi moja la haki na kuingia katika jingine.

Tatizo limo katika daraja linalounganisha makundi hayo mawili. Mipango mingi ya kumsaidia mtoto hukoma anapotimiza miaka 18, ilhali ile ya vijana humtaka awe tayari na kitambulisho, anwani, kikundi alichosajiliwa nacho au mtu wa kumdhamini.

Mwaka wa 2014 serikali ilichapisha mwongozo wa malezi mbadala ya watoto, ambao ulitaka maandalizi ya kuondoka yaanze mapema na kijana afuatiliwe baada ya kutoka. Mnamo Novemba 2017, usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa. Mwaka wa 2022 ulileta mambo mawili makubwa: Sheria mpya ya Watoto, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, na mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwaondoa watoto makaoni na kuwarejesha katika familia na jamii.

Kimataifa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa malezi mbadala mnamo Desemba 2009. Mwongozo huo unasisitiza kuwa matayarisho ya kujitegemea yaanze mapema, kabla mtoto hajakaribia kuondoka, na kwamba pale inapowezekana kila kijana awe na mtu maalumu wa kumsaidia anapotoka.

KITAMBULISHO KWANZA

Kabla ya nyumba kuna karatasi. Bila kitambulisho cha taifa, kijana hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya kawaida ya benki, kuajiriwa rasmi wala kujiunga na Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Wenye nyumba wengi pia hutaka nakala yake kabla ya kukabidhi ufunguo.

Ili kupata kitambulisho, mwombaji huhitaji cheti cha kuzaliwa na kwa kawaida huulizwa vitambulisho vya wazazi pamoja na kijiji, lokesheni na chifu anayemfahamu. Kwa aliyeokotwa akiwa mchanga, maswali hayo hayana majibu. Katiba imelitazama jambo hili: kifungu cha 14 kinasema kuwa mtoto anayepatikana nchini akiwa, au akionekana kuwa, chini ya umri wa miaka minane, na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Hata hivyo, haki hiyo hudaiwa kwa stakabadhi: barua za makao, rekodi za afisa wa watoto na amri za mahakama.

Ndiyo maana makao yanayojua wajibu wake hushughulikia cheti cha kuzaliwa mtoto angali mdogo. Hayangoji siku anayofunga virago.

NJIA ZA KUMPATIA KIJANA MAKAZI

Kuna njia kadhaa ambazo hutumiwa, na kila moja ina faida na kasoro zake.

Ya kwanza ni nyumba za vijana. Vijana wachache huhamishwa kutoka makaoni hadi katika nyumba iliyo mtaani, wakiwa na msimamizi anayeishi nao au anayewatembelea. Wao wenyewe hupika, hufua na kupanga bajeti ya wiki. SOS Children's Villages, shirika lenye vijiji vya watoto Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na Meru, ni miongoni mwa yanayotumia hatua za namna hii.

Ya pili ni chumba cha kupanga chini ya usimamizi. Shirika hulipa kodi yote kwa miezi ya kwanza, kisha nusu, kisha robo, hadi kijana aimudu peke yake. Ubora wa njia hii ni kwamba mkataba unaweza kuandikwa kwa jina la kijana, hivyo msaada unapokwisha halazimiki kuhama.

Ya tatu ni kubaki na familia iliyomlea, akichangia gharama kadiri ya uwezo wake. Hii ndiyo inayofanana zaidi na maisha ya vijana wengine. Ya nne ni kurejea kwa jamaa, ambayo hufaulu pale tu uhusiano ulipokuwa umehuishwa kwa ziara na likizo kabla ya siku ya kurudi. Kijana anayepelekwa kwa mjomba asiyemfahamu, kwenye boma ambalo huenda suala la urithi wa shamba halijatatuliwa, hufika kama mgeni na mara nyingine kama mshindani.

Ugumu mkubwa wa kupanga nyumba mjini ni pesa za kuanzia. Mwenye nyumba kwa kawaida hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja. Tuseme chumba ni cha Sh4,000: kijana atahitaji Sh8,000 kabla hajanunua godoro, jiko, sufuria na unga. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, huweza kumwanzishia mkopaji mpya kwa Sh500 tu. Nayo Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa 2013, hukopesha vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi huundwa na watu wanaofahamiana mtaani. Aliyehamia mtaa huo jana hana kikundi.

Anayekosa chumba hulala kwa rafiki, kisha kwa rafiki mwingine. Wasichana huwa katika hatari zaidi, kwa kuwa wapo wanaotoa mahali pa kulala kwa bei isiyo ya pesa.

KUJITEGEMEA HUFUNZWA

Maisha ya makaoni huendeshwa kwa kengele. Chakula hutoka jikoni kikiwa tayari, sabuni hugawiwa, na karo hulipwa na mfadhili ambaye mtoto huenda hajawahi kumwona. Kijana anaweza kufikia miaka 18 bila kuwahi kwenda sokoni na shilingi mia mbili na kurudi na mboga, mafuta na chenji. Huo si uzembe wake, bali ni matokeo ya mpangilio wa mahali alipokulia.

Kwa hivyo maandalizi huanza kwa mambo madogo tangu umri wa miaka 14 au 15: kupika, kuweka akiba, kwenda hospitalini peke yake, kusoma mkataba wa nyumba, kujua haki zake kazini. Baadaye huja uchaguzi wa masomo au ufundi, kama vile useremala, umeme, ushonaji, upishi au uchomeleaji vyuma katika vyuo vya kiufundi. NYS, iliyoanzishwa 1964, ina faida ya pekee kwa kundi hili kwa kuwa hutoa mafunzo pamoja na malazi. Hata hivyo, kozi ina mwisho, na swali la mahali pa kulala hurudi siku ya kufuzu.

Fauka ya hayo, kijana huhitaji mtu: mmoja atakayempigia simu anapougua au atakayesimama upande wake siku ya posa. Vyama vya waliolelewa makaoni, kikiwemo Kenya Society of Care Leavers, vimekuwa vikijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwakutanisha waliotangulia na wanaotoka sasa.

YALIYOJARIBIWA KWINGINEKO

Mataifa yenye familia walezi wengi wanaolipwa na serikali yamekuwa na muda mrefu wa kulipima suala hili. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1999 iliongeza fedha za kuwaandaa vijana hawa na kuruhusu hadi asilimia 30 ya fedha hizo kutumiwa kwa malazi na chakula cha wenye umri wa kati ya miaka 18 na 21. Sheria nyingine ya 2008 iliziwezesha majimbo kuendelea kuwatunza vijana hadi miaka 21 kwa msaada wa serikali kuu. Kuanzia 2019, mpango maalumu wa vocha uliwalipia wengine sehemu ya kodi kwa miezi 36, na sheria ya 2020 ikafungua njia ya kufikia miezi 60 kwa wanaosoma au kufanya kazi.

Hatua hizo hazikuja bure. Watafiti waliowafuatilia vijana kutoka majimbo ya Illinois, Iowa na Wisconsin waligundua kuwa kufikia umri wa miaka 26, kati ya asilimia 31 na 46 yao walikuwa wamewahi kukosa makazi angalau mara moja tangu watoke katika malezi.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 2000 iliwapa vijana hawa mshauri binafsi na mpango wa maandishi wa safari yao. Tangu 2014, wale wa England wanaweza kubaki na familia iliyowalea hadi miaka 21 pande zote mbili zikikubaliana. Wales ilikwenda mbali zaidi: mwaka wa 2022 ilianza jaribio la kuwalipa waliokuwa wakitimiza miaka 18 pauni 1,600 kila mwezi, kabla ya kodi ya mapato, kwa miaka miwili.

Kenya haina hazina za mataifa hayo. Lakini funzo lililojitokeza huko halitegemei utajiri: kijana huondoka kwa hatua, na msaada hupungua polepole badala ya kukatwa siku moja.

WANAOWEZA KUSAHAULIKA

Mkakati wa 2022 hadi 2032 unalenga familia, na lengo hilo linaungwa mkono na wengi. Mtoto wa miaka minne anayetoka makaoni leo ana muda wa kuizoea familia mpya kabla ya kuwa mtu mzima. Aliye na miaka 16 au 17 hana muda huo. Makao yake yakifungwa, yaelekea atahesabiwa miongoni mwa waliorejeshwa katika jamii, ingawa huenda jamii yenyewe haina mlango ulioandikwa jina lake.

Kwa kundi hili, mpango wenye maana ni ule unaojibu maswali machache kabla ya siku ya kuondoka. Je, kitambulisho kipo? Atalala wapi usiku wa kwanza, na baada ya miezi sita? Nani atalipa kodi kazi ikichelewa? Nani atampigia simu? Na akikwama, atarejea wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo vijana wengine hawaulizwi kamwe, kwa kuwa jibu lake walizaliwa nalo.