Winga na Maili Moja
Wasee, hapa Hulugho kila winga anadai atakimbia maili kwa dakika nne. Maili ni mita 1,609, na hakuna kupumzika mpira ukitoka nje! Wengi watazima raundi ya tatu.

Lakini mcheki Abdi Bile, Msomali mwenzetu wa Las Anod. Alianza na mpira, akageukia riadha, akaenda kusoma George Mason, Marekani. 1987, jijini Roma, akabeba dhahabu ya dunia ya mita 1,500. 1988 akamaliza maili kwa 3:49.40. Mo Farah pia utotoni alitaka kuchezea Arsenal.

Sasa winga wetu, nani amewahi kumpima? Makocha huhesabu magoli tu. Ijumaa jioni nakuja uwanjani na simu, nitawapima mmoja mmoja.