Mstari wa Tahadhari na Mtu wa Kukushika Mkono

Hapa Mantapala, habari ya kujifungua ikianza, inaanza na gari. Ambulansi ipo? Barabara ya kwenda Hospitali ya St Paul's, Kashikishi, inapitika baada ya mvua? Bamama waliokimbia kutoka upande wa Pweto mwaka 2017, wakapita Kenani kabla kambi hii haijafunguliwa mwanzoni mwa 2018, wanajua umbali ni nini. Wenyeji wetu wa visiwa vya Kilwa na Chisenga, huko ndani ya Ziwa Mweru, wanaujua vilevile. Kwao safari ya hospitali inaanza na mtumbwi.

Lakini mimi nafanya kazi na vijana, na wasichana wanaongoja mtoto wa kwanza huniuliza jambo lingine: "Dada, huko ndani nitakuwa na nani?" Wapo wanaosema hilo ni swali la woga tu, litaisha mtoto akizaliwa. Historia haisemi hivyo. Swali la gari na swali la mtu wa pembeni yamekuja kukutana kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ina asili yake huku kwetu kusini mwa Afrika. Ndiyo maana naiandika habari yake.

Tuanze na wakati ambapo hospitali zilikuwa chache. Kwa Wabemba, na katika bonde hili la Luapula, kuna nachimbusa, mama mtu mzima anayefunza wasichana mambo ya utu uzima na ndoa. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeishi kwa Wabemba miaka ya 1930, alieleza kwamba huyo huyo ndiye aliyekuwa mkunga wao. Kwa hiyo msichana alizalishwa na mtu aliyemfunza, anayemjua jina na tabia. Kwetu Katanga pia bibi na mashangazi walikaa naye. Mwenzi hakukosekana kamwe.

Tusidanganyane lakini. Bamama walikufa, na watoto wao pia. Mtoto akikwama, au damu ikikataa kusimama, upendo wa shangazi hauwezi kufanya upasuaji wala kuongeza damu. Kilichokosekana nyumbani kilikuwa dawa na kisu cha daktari, na kabla ya hivyo, kujua ni saa ngapi ya kusema: sasa tuondoke.

Saa hiyo ndiyo aliyoitafuta daktari Hugh Philpott. Alifanya kazi katika Hospitali ya Harari, hospitali ya Waafrika mjini Salisbury, ambao leo ni Harare. Nchi ilikuwa Rhodesia, ng'ambo ya Zambezi ukitoka Zambia. Madaktari walikuwa wachache, na wajawazito wengi walihudumiwa na wakunga katika kliniki zilizo mbali na hospitali. Mwaka 1972 yeye na mwenzake W. M. Castle walichapisha kazi yao. Walichukua mchoro wa Emanuel Friedman wa Marekani, aliyekuwa ameonyesha mwaka 1954 jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka saa baada ya saa, wakaongeza mistari miwili.

Wa kwanza ni mstari wa tahadhari. Unapanda kwa kasi ya sentimita 1 kwa saa. Mkunga anapima, anaweka alama. Alama zikienda sambamba na mstari au kuutangulia, mambo ni sawa. Zikibaki nyuma yake, mama aliye kliniki aanze safari ya hospitali. Mstari wa pili, wa hatua, uko saa 4 mbele. Ukifika hapo, daktari lazima aamue: dripu ya kuongeza uchungu, upasuaji, au njia nyingine. Zile saa 4 katikati ni za barabara. Yaani aliyeuchora mchoro huu alikuwa anafikiria mama kama wa kwetu, aliye mbali, anayehitaji muda wa kufika.

Baadaye Shirika la Afya Duniani likaichukua karatasi hiyo, inayoitwa patografu. Likaijaribu mwaka 1990 na 1991 kwa wanawake 35,484 katika hospitali za Indonesia, Malaysia na Thailand. Matokeo yalitoka 1994. Uchungu uliozidi saa 18 ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Matumizi ya dawa ya kuongeza uchungu yalipungua kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Karatasi na kalamu tu! Basi ikaenea duniani.

Sasa tuangalie karatasi ile haikuandika nini. Ina nafasi ya mapigo ya moyo wa mtoto, ya maji ya uzazi, ya kichwa kinavyoshuka, ya nguvu ya uchungu, ya presha, ya mkojo, ya dawa. Haina hata kimstari kimoja cha kuuliza: mama huyu yuko na nani? Na katika hospitali nyingi jibu lilikuwa: hana mtu. Vitanda viko kwa safu, pazia hakuna, sista wa zamu ya usiku ni mmoja. Ndugu wataingiaje, wakati mama wa kitanda cha jirani hana cha kumfunika? Kwa hiyo mlango ukafungwa. Mimi mwenyewe nimewahi kumsindikiza msichana kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nikabaki nje na kikapu cha nguo za mtoto. Yeye anajua Kiswahili tu, ndani wanasema Kibemba na Kiingereza. Alipoambiwa asisukume, hakuelewa. Alisukuma, akafokewa.

Wahenga wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kweli, lakini hawakusema aujue akiwa peke yake.

Watafiti nao walianza kuliona. Mwaka 1980 yalichapishwa matokeo ya utafiti mdogo kutoka hospitali moja ya Guatemala. Wanawake waliokuwa na mwenzi wa kuwashika mkono na kuzungumza nao walijifungua baada ya takriban saa 9 tangu wapokelewe. Walioachwa peke yao, zaidi ya saa 19. Kufika 2017, tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, ziliwekwa pamoja. Mwenye mtu wa kumtegemeza alielekea kuwa na uchungu mfupi zaidi, alipasuliwa mara chache zaidi, na hakubaki na kumbukumbu mbaya kwa kiasi kile kile. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba kumtukana, kumpiga au kumdharau mama anayejifungua ni kuvunja haki yake. Mwaka 2018, mwaka ule ule tulipoanza kukata miti ya nyumba zetu hapa Mantapala, likapendekeza kila mama awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe.

Halafu mwaka 2020 ikatoka karatasi mpya. Ule mstari wa sentimita 1 kwa saa umeondolewa, kwa sababu imeonekana wanawake wengi wazima huenda polepole kuliko hapo na wanajifungua salama. Na kumeongezwa sehemu ya matunzo: je, mama ana mwenzi? Amepewa kitu cha kupunguza maumivu? Amekunywa? Anatembea au amelazwa chali? Mama akiwa hana mwenzi, mkunga anatakiwa azungushie duara jibu hilo, sawasawa na anavyozungushia mapigo ya moyo ya mtoto yaliyokwenda vibaya. Kumbe upweke nao ni alama ya tahadhari. Msichana wangu aliuliza swali la kitabibu.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, endeleeni na ambulansi, mafuta na damu. Mwenzi hazuii kutokwa na damu. Lakini yeye ndiye anayeweza kuiona wa kwanza chini ya kitenge, wakati sista yuko kitanda cha tatu, na akaita. Kwa mama wa Kongo yeye pia ni mkalimani. Anachohitaji ni pazia, kiti, na ruhusa iliyoandikwa ukutani, si inayotegemea nani yuko zamu. Masista nao wasilaumiwe bure: mtu mmoja kwa wajawazito wengi atachoka hata awe malaika.

Na sisi wa kambi tuna la kufanya bila kungoja mradi. Msichana anapokwenda kliniki ya wajawazito, tusiishie kumuuliza kadi, ndoo na nguo za mtoto. Tumuulize pia: umemchagua nani? Jina likipatikana, huyo mtu aende naye kliniki hata mara moja, aone mlango, amsalimie mkunga, aulize kama ataruhusiwa kuingia. Akiambiwa hapana, aulize kwa upole sababu ni nini. Ikiwa sababu ni pazia, basi tujue kwamba tunatafuta pazia.