Visu Sita na Uma Sita

Kila mwaka tarehe 9 Desemba inapokaribia, kabla pilau haijainjikwa na watoto hawajaanza mazoezi ya wimbo wa Taifa, sisi wauguzi wa jumuiya hii hukabidhiwa boksi la mbao la mzee wetu mmoja wa Scarborough. Eti sisi ndio tumezoea kusafisha vyombo. Ndani mna visu na uma za mezani, nzito kuliko za siku hizi. Tunatandaza karatasi ya alumini kwenye beseni, tunamwaga maji ya moto yenye magadi soda, tunatumbukiza uma, na ule weusi unatoka. Nyuma ya kila uma zinajitokeza herufi: EAR&H.

Vijana huuliza hilo ni duka gani. Ni East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Pia pamegongwa jina la Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, na herufi EPNS. Asidanganyike mtu kwamba ni fedha tupu. Chini ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, juu kuna ngozi nyembamba tu ya fedha.

Baba wa mzee wetu alikuwa mhudumu wa behewa la chakula kwenye njia ya Moshi hadi Voi, ile iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaungana na reli ya Mombasa na Nairobi. Behewa lile lilikuwa la abiria wa madaraja ya juu. Waafrika wengi walisafiri daraja la tatu, na chakula chao kilipitia dirishani: mayai ya kuchemsha, ndizi, mahindi ya kuchoma. Waliojua uma ukae upande gani ndio hao hao wasioruhusiwa kuketi. Mzee anasimulia kuwa siku baba yake alipomwandalia Mwafrika mwenzake kwa mara ya kwanza, Uhuru ukiwa umekaribia, mkono ulimtetemeka akamwaga mchuzi juu ya kitambaa. Abiria yule alimwambia, "Usijali, kaka." Miaka yote alikuwa akiitwa boi.

Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, na herufi zile zikapitwa na wakati. Vyombo vilivyochakaa wahudumu walivichukua. Tunaambiwa ilikuwa kwa ruhusa, nasi hatujaona haja ya kudadisi. Baba wa mzee na mwenzake Mkenya wa Voi walipata seti moja ya watu kumi na wawili, wakawa wanaitunza kwa zamu. Mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalipoanza kuharibika, walikutana stesheni ya Moshi wakagawana sita kwa sita, wakapeana mikono.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na mwaka huo huo Jumuiya ikavunjika. Serikali zetu zilihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na makubaliano ya kugawana mali yakasainiwa Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Watumishi wa zamani waliendelea kudai mafao yao. Kesi na maandamano yao Dar es Salaam yalifika hadi miaka ya 2000, na wengine walifariki wakisubiri. Sisi tunaowauguza wazee hapa Toronto tunajua mtu wa miaka themanini anavyoihesabu pensheni yake, senti kwa senti.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Wahudumu wale wawili hawakuonana tena.

Wenzetu Wakenya huadhimisha Jamhuri tarehe 12, siku tatu baada yetu. Mwaka huu tumewaalika mezani, na tumewaomba wapekue makabati ya mama zao na bibi zao, hapa na huko nyumbani. Wasiangalie sana fedha, waangalie herufi. Boksi letu lina nafasi kumi na mbili za visu na kumi na mbili za uma, na nusu yake bado ni tupu.